Kesi ya Chapati Iliyonywea

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Bonny aliingia katika kituo kidogo cha polisi pale Kansanga akiwa na taa ya mbele ya pikipiki mkono wa kulia na chapati mkono wa kushoto. Aliviweka vyote viwili juu ya meza ya Sajini Aloyo, chapati juu ya taa, kisha akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyefunua maiti ili itambuliwe.

"Tazama mwenyewe, afande," alisema. "Mimi siongezi neno."

Kisha akaongeza maneno kwa robo saa.

Bonny alikuwa mwenyekiti wa steji ya bodaboda kando ya Barabara ya Ggaba, steji yenye waendeshaji arobaini na mmoja. Chini ya paa la steji hiyo, kwa hisani yao, Akram alikuwa amekaa miaka sita na kaango lake bapa akichoma chapati. Alipasua mayai mawili, akayapiga pamoja na nyanya, kitunguu na kabichi, akayamwaga kwenye kaango, akailaza chapati juu, akaviringisha. Hiyo ndiyo roleksi, na bila roleksi hakuna mtu wa bodaboda Kampala anayeweza kubeba abiria wawili na godoro kabla ya saa nne.

Steji ilikuwa na kipimo chake. Siku ya kwanza Akram alipofika, hakukuwa na sahani, na mtu mmoja aliiweka chapati ya moto juu ya taa ya pikipiki ya Bonny. Iliifunika taa yote, ikabaki na ukingo wa vidole viwili kuzunguka. Tangu siku ile ikawa sheria: chapati ya halali ni taa na vidole viwili. Na sasa, kwa muda wa mwezi mmoja na nusu, vidole viwili vilikuwa vimegeuka kidole kimoja, na kidole chenyewe cha mtoto.

"Anatuibia unga," alisema Bonny. "Tumekaa kikao, na tangu leo hatuli kwake. Mpaka Ijumaa asubuhi, kama polisi hamjasema lolote, tunamtoa chini ya paa letu. Kuna mtu wa Kabalagala ameshatuambia yuko tayari."

"Umekuja hapa na pikipiki isiyo na taa?" aliuliza Aloyo.

"Ni mchana, afande."

"Sheria ya barabarani haisemi mchana."

"Banange! Nimeleta mwizi, unanikamata mimi?"

Aloyo alikuwa na miaka arobaini na mmoja, kumi na saba kati ya hiyo ndani ya polisi. Alisoma fizikia na hesabu huko Gulu kabla ya kuvaa sare, na kitu pekee kilichosalia kutokana na masomo hayo kilikuwa rula ya chuma aliyoitia mfukoni kila asubuhi kabla hata ya pingu. Wenzake walisema ukimwambia Aloyo kwamba umeumia moyo, atakuuliza ni upande gani na kwa kina gani. Maneno hayo hayakumuudhi. Aliyaona kuwa maswali ya maana.

Akaitoa rula. Taa ilikuwa na upana wa sentimita kumi na nane. Chapati ilikuwa na sentimita kumi na tisa na nusu. Vidole viwili vya Bonny, alivyovipima huku mwenyewe akilalamika kwamba rula ni ya baridi, vilikuwa na sentimita tatu. Kwa hiyo chapati ya halali ilipaswa kuwa na sentimita ishirini na nne.

"Imepungua theluthi moja ya eneo," alisema Aloyo. "Hiyo si kidogo."

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia anaiba unga. Mimi nimepima upana. Ni vitu viwili tofauti."

Bonny alimtazama kama mtu aliyemwita daktari akaletewa fundi wa saa.

Aloyo alimkuta Akram kwenye steji saa tatu, akiwa peke yake. Kwa kawaida saa hiyo watu walimzonga kama nzi kwenye embe. Leo kulikuwa na mteja mmoja, mgeni, aliyekula akiwa amegeuza mgongo ili asionekane. Akram alikuwa mrefu, mwenye miaka thelathini na mitatu, mjukuu wa askari wa Kinubi aliyekuja na jeshi la zamani kutoka Sudan. Mabega ya babu yake aliyarithi, lakini sauti alirithi ya mtu mwingine, maana alizungumza kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili.

"Afande, kama umekuja kunikamata, niache nizime moto kwanza. Mafuta yataungua."

"Nimekuja kupima. Unatengeneza madonge mangapi kwa pakiti moja?"

"Thelathini. Pakiti ya kilo mbili, madonge thelathini. Si ishirini na tisa, si thelathini na moja."

"Unajuaje?"

Akram alimwonyesha kopo la vizibo vya soda. Kila alipokata donge alitupa kizibo kimoja kutoka kopo hili kwenda lile. Vizibo vilikuwa thelathini. Unga ukiisha kabla ya vizibo, donge fulani lilikuwa kubwa mno. Vizibo vikiisha kabla ya unga, kuna mtu alipunjwa. Unga uliokandwa asubuhi hiyo ulikuwa ndiyo kwanza umekatwa, na vizibo vyote thelathini vilikuwa upande wa pili.

Aloyo aliupenda utaratibu huo kuliko alivyotaka kuonyesha. Aliazima mizani ndogo ya kidijitali kwenye duka la dawa lililotazamana na steji, akapima madonge kumi na mawili bila kuchagua. Dogo kuliko yote lilikuwa na gramu mia moja na nane. Kubwa lilikuwa na mia moja na kumi na mbili. Alipiga hesabu ya unga, maji na mafuta kwa pakiti nzima, akagawa kwa thelathini, akapata mia moja na kumi.

Hakuna unga ulioibwa. Lakini theluthi moja ya chapati ilikuwa imetoroka.

"Sukuma moja nione," alisema.

Akram alichukua donge, akaliweka kwenye ubao, akalisukuma kwa kijiti chake mpaka likawa duara pana, jembamba. Aloyo aliweka rula: ishirini na nne kamili. Akram akainua kijiti. Mbele ya macho ya sheria, bila kuguswa na mtu, chapati ilianza kujikunja kuelekea katikati, polepole, kama konokono aliyeguswa pembe. Ishirini na tatu. Ishirini na moja. Ilipotua kwenye kaango ilikuwa kumi na tisa na nusu, nene na imara, bila aibu yoyote.

"Umeona?" alinong'ona Akram. "Inarudi yenyewe."

"Tangu lini?"

"Mwezi na nusu. Unga ni uleule, duka lilelile la Kikuubo, picha ileile kwenye pakiti. Ila una kiburi. Nikaona nikiukanda zaidi utatii. Zamani nilikanda dakika ishirini. Sasa nakanda arobaini, naupiga mezani, naupiga ngumi. Tazama." Akaonyesha viungo vya vidole vilivyovimba. "Na kadiri ninavyoupiga ndivyo unavyozidi kurudi."

"Kwa nini hukuwaeleza?"

"Niseme nini, afande? Kwamba siibi, chapati inakimbia yenyewe? Mwizi gani hajawahi kusema hivyo?"

Aloyo alikubali kwamba utetezi huo ulikuwa dhaifu. Aliuandika hata hivyo.

Jumanne alikwenda Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla mjini, ambako mtu hatembei bali husukumwa na magunia ya watu wengine mpaka afike anakokwenda au mahali pengine pazuri vilevile. Duka la unga lilikuwa limejaa. Mbele ya kaunta alisimama mwanamume mfupi mwenye shati la kiwanda na bahasha ya karatasi kwapani, amezungukwa na wanawake wanne wa chapati waliokuwa wakimsomea mashtaka kwa pamoja. Nyuma yao waokaji wawili wa mikate walikuwa wakimpongeza. Mtu huyo alikuwa akigawa tabasamu moja pande zote mbili.

Jina lake lilikuwa Nyongesa, Mkenya, na kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani kwa niaba ya kiwanda cha kusaga ngano, kusikiliza malalamiko. Alipoona sare aliinua mikono.

"Afande, huu unga ni halali kabisa! Una stakabadhi kuliko mimi."

"Sijauliza kuhusu stakabadhi. Nauliza kwa nini unarudi nyuma."

Nyongesa alishusha mikono, akamtazama kwa furaha ya mtu ambaye kwa wiki sita amejibu swali lisilo lake na sasa amesikia la kwake.

"Hatimaye!" alisema. "Hatimaye mtu ameuliza kwa nini, hajaniuliza nani."

Alimpeleka pembeni, kwenye rundo la magunia, akatoa karatasi mbili kwenye bahasha. Zilikuwa ripoti za maabara ya kiwanda, moja ya mwaka jana, moja ya mwezi uliopita. Aliweka kidole kwenye mstari wa tatu. Mwaka jana: protini, asilimia kumi na moja nukta tatu. Mwezi uliopita: kumi na nne nukta moja.

"Uganda hailimi ngano ya kuitosha, hilo unalijua," alisema. "Nyingi inakuja kwa meli mpaka Mombasa, halafu kwa lori. Kiwanda kinanunua palipo na ngano na kuchanganya. Sasa, punje ya ngano ikiwa shambani, wiki zake za mwisho ndizo za kujaza tumbo. Inajaza wanga. Joto likipiga mapema, na mvua ikikosa, mmea unaharakisha kuzeeka. Tumbo halijai. Punje inakuwa ndogo, wanga kidogo, lakini protini imeshaingia. Kwa hiyo katika kila kilo ya unga, protini inakuwa nyingi kuliko zamani."

"Na protini ndiyo inayovuta."

"Ndiyo mpira wenyewe! Mtu wa mkate anaimba, mkate wake unasimama kama askari. Mtu wa chapati analia. Mahali fulani ng'ambo ya bahari joto limezidi kwa wiki tatu, mkulima hajapata mazao, na huku Kansanga mtu anaitwa mwizi."

"Haya yanatokea kila mwaka?"

"Zamani, mara moja moja. Siku hizi mimi sikai nyumbani, afande. Mwaka huu nguvu imezidi. Mwaka mwingine mvua inanyesha wakati wa kuvuna, punje inaanza kuota ikiwa shambani, unga unakuwa uji, naitwa tena. Mke wangu anasema hali ya hewa imebadilika, mimi ndiye nimepata kazi."

Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Watafiti walipiga hesabu ya dunia nzima," alisema. "Kila joto likipanda digrii moja, ngano ya dunia inapungua kama asilimia sita. Hiyo ni wastani. Kuna mahali patazidi, kuna mahali patapona. Lakini kwa jumla, sita."

Aloyo aliiandika hiyo pia, peke yake, kwenye ukurasa mpya.

"Na dawa ya chapati?"

"Maji zaidi, kipigo kidogo, halafu uuache upumzike. Sisi Kenya chapati inapumzika. Nyinyi Kampala sijui mna haraka ya kwenda wapi."

"Una ushahidi?"

"Nina mama yangu."

"Mama yako si ushahidi," alisema Aloyo, akafunga daftari.

Aliishi Naguru, kwenye nyumba za polisi, ambako kuta ni nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unaitikia. Jumatano saa kumi na moja jioni aliweka sigiri mbili za mkaa uani, mizani ya duka la dawa, saa, rula, na pakiti mbili za unga uleule wa Kikuubo. Aliligawa zoezi katika mafungu matano, kila fungu madonge manne, kila donge gramu mia moja na kumi. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kulitesa fungu la kwanza kwa dakika arobaini, kama Akram alivyofanya, jirani yake Zuleika alipotokea mlangoni.

Zuleika alikuwa mke wa askari mstaafu, Mnubi, mwenye miaka sitini na kitu. Tena, kwa bahati ambayo Aloyo hakuipenda, alikuwa shangazi wa Akram.

"Mama Amony," alisema Zuleika, kwani kifungua mimba wa Aloyo aliitwa Amony, "huo unga umekukosea nini?"

"Nafanya majaribio. Na wewe, mama, huruhusiwi kuwa hapa. Wewe ni ndugu wa mtuhumiwa."

"Kale, sawa. Basi nitakaa hapa mlangoni, miguu yangu iwe kwangu na macho yawe kwako."

Akaketi kwenye kigoda. Alivumilia dakika kumi na mbili.

"Unaupiga kama kuruta."

"Nafuata utaratibu wa mtuhumiwa."

"Ndiyo maana yuko taabani! Mimi nimekaa kambini miaka arobaini, nimeona makuruta. Ukimpigisha kwata asubuhi mpaka jioni, anakuwa mgumu. Umwambie pinda, hapindi. Unga nao ni hivyohivyo. Ukishaufunza, uache ulale. Ukiamka hauna hasira tena. Sisi Wanubi gurusa, chapati yetu, hatujawahi kuipiga, na ni pana kama mkeka wa sala."

"Ulale muda gani?"

"Mpaka uwe tayari."

"Dakika ngapi?"

"We mwanamke! Unaugusa kwa kidole. Ukirudi haraka, bado una maneno. Ukibaki na shimo, umekubali."

Aloyo aliandika: *jaribio la kidole, kuthibitishwa.* Kisha akaendelea na mafungu yake, mojamoja, saa mkononi, huku Zuleika akitoa maoni kutoka nje ya mpaka. Saa tatu usiku matokeo yalikuwa kwenye jedwali. Kukanda dakika arobaini bila kupumzisha, wastani sentimita kumi na tisa na nukta sita. Dakika ishirini bila kupumzisha, ishirini na nukta nne. Dakika kumi na kupumzisha nusu saa, ishirini na mbili. Dakika kumi, maji kidogo zaidi, kupumzisha saa nzima, ishirini na tatu na nukta nane. Fungu la tano, lililopumzika saa mbili, lilipata ishirini na nne na nukta moja, na wakati huo kidole cha Zuleika, kilichokuwa kimevuka mpaka muda mrefu uliopita, kiliacha shimo kamilifu.

"Sasa mama ni ushahidi?" aliuliza Zuleika, ambaye alikuwa amesimuliwa habari za Nyongesa.

"Sasa kuna jedwali," alisema Aloyo. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaongeza, "Jedwali linakubaliana nawe."

Walikula ushahidi wote na maharagwe.

Alhamisi alimpelekea Akram maelekezo kwenye karatasi, yamepigwa mstari kwa rula. Akram aliyasoma mara mbili.

"Upumzike saa mbili?" alisema. "Watu wananijia saa kumi na mbili asubuhi. Mapumziko ya huu unga ni kuamka kwangu."

"Ndiyo."

"Na kama watakataa kesho?"

Aloyo alifikiri. Mtu mwingine angesema hawatakataa.

"Wakikataa, utaondoka," alisema. "Lakini utaondoka ukiwa si mwizi, na hilo litakuwa limeandikwa."

Akram aliikunja karatasi, akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Hakuonekana kufarijika sana.

Ijumaa saa moja asubuhi waendeshaji walikuwa wamefika wote, helmeti mapajani, kama baraza la wazee waliovaa mavazi yasiyo yao. Mtu wa Kabalagala naye alikuwa amekuja, amesimama upande wa pili wa barabara na kaango lake chini ya mkono, anatazama mawingu. Akram aliandaa chapati mbili. Ya kwanza ilikuwa ya donge lililopigwa, lisilopumzika. Ya pili ilikuwa ya donge lililolala tangu saa kumi na moja alfajiri. Aloyo alipima madonge yote mawili mbele ya watu kabla hayajasukumwa: mia moja na kumi, mia moja na kumi.

Ya kwanza ilijikunja ikafika kumi na tisa na nusu. Watu walilaani. Ya pili ilisukumwa, ikatulia, ikakaa palepale ilipowekwa kama mgeni mwenye adabu. Bonny aliiweka juu ya taa yake, ambayo sasa ilikuwa imerudi kwenye pikipiki kwa amri ya polisi. Taa ilizama. Vidole viwili viliingia, kuzunguka pande zote.

Steji nzima ilipiga kelele. Mtu wa Kabalagala alihamisha kaango kwenda mkono mwingine.

"Tulieni!" alisema Bonny, na macho yake yalikuwa membamba. Akainua chapati ya pili kuelekea kwenye jua. "Tulieni kwanza. Mimi namwona Kidega kupitia hii chapati."

"Na mimi nakuona," alisema Kidega, mwendeshaji mzee kuliko wote, kutoka upande wa pili. "Hupendezi."

"Ameifanya pana, lakini ameifanya nyembamba! Sasa anatuibia kwenda chini!"

"Uzito ni uleule," alisema Aloyo.

"Kwa mizani ya duka la dawa! Mwenye duka anakula kwa Akram kila siku. Afande, nakuheshimu, lakini mizani hiyo ina tumbo."

Minong'ono ilienea. Akram alikuwa ameshika kijiti chake kwa mikono miwili, vidole vimevimba. Aloyo aliipima hoja hiyo na kuona kwamba haikuwa ya kijinga. Shahidi mwenye maslahi ni shahidi mwenye maslahi, hata akiwa na betri.

"Basi tumia mizani yako," alisema.

"Sina mizani."

"Una kijiti cha chapati, kamba na mifuko miwili ya plastiki inayofanana."

Bonny hakuwa mjinga, na zaidi ya hayo alikuwa mtu anayefungua na kufunga pikipiki kwa mikono yake. Alichukua kijiti cha Akram, akatafuta katikati yake kwa kukilaza juu ya kidole mpaka kikakaa sawa pande zote, akafunga kamba hapo, akakining'iniza kwenye usukani wa pikipiki yake. Mfuko mmoja huku, mfuko mmoja kule. Akachukua mwenyewe, hakumruhusu mtu kugusa, akaweka chapati nene kushoto na chapati pana kulia.

Kijiti kilicheza juu, chini, juu. Arobaini na mmoja waliacha kupumua, pamoja na mmoja kutoka Kabalagala. Kijiti kikatulia. Kilikuwa sawa kama meza ya kasisi.

Bonny alibadilisha mifuko, kulia kushoto, kushoto kulia. Kikatulia sawa tena. Akafungua kamba, akamrudishia Akram kijiti chake.

"Huyu mtu hajaiba," alisema hatimaye, na ilionekana kila herufi ilimgharimu. "Akram. Wiki sita nimekuita mwizi mbele za watu."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Ungesema."

"Ningesema nini?"

"Hata mimi nisingeamini," alikubali Bonny. Akageukia steji. "Anayetaka abaki, ainue mkono."

Mikono iliinuka kabla hajamaliza. Kidega aliinua miwili, akaambiwa ashushe mmoja, akauliza kama basi anaweza kuagiza ile nene, maana kwa wiki sita alikuwa ameizoea na ilikuwa inakaa tumboni mpaka saa nane. Watu saba walimuunga mkono kwa aibu. Ilibainika kwamba walikuwa wakiipenda tangu mwanzo lakini hawakutaka kuvunja umoja wa mgomo. Ng'ambo ya barabara mtu wa Kabalagala alikuwa tayari amegeuka, anatafuta boda ya kumrudisha, na wote walikuwa wanakula.

Aloyo alikaa kwenye benchi, roleksi mkononi, akimalizia taarifa. Bonny alikuja kukaa karibu naye na chapati kavu, pana, juu ya helmeti yake.

"Afande, hapo umeandika hii yote ni joto la huko mbali."

"Joto na ukame. Ndiyo."

"Na joto likizidi?"

Aloyo aligeuza kurasa mpaka kwenye ule uliokuwa na mstari mmoja tu.

"Kwa digrii moja, ngano ya dunia inapungua kama asilimia sita."

"Sita ya nini? Niambie kwa chapati."

Aliweka kalamu kwenye karatasi. Ilikuwa hesabu ya eneo, kwa hiyo alilazimika kutafuta kipeuo cha pili, na alikitafuta kwa mkono kwa sababu aliona raha.

"Wote tukigawana sawasawa, jambo ambalo haliwezekani," alisema, "chapati ya sentimita ishirini na nne itakuwa ya ishirini na tatu na robo. Upana unapungua milimita saba. Kila upande kama tatu na nusu."

"Tatu na nusu." Bonny alitafuta kipimo hicho kwa ukucha wa kidole gumba, akakionyesha kwenye ukingo wa chapati, pale palipoiva zaidi na kukauka kidogo. "Huu hapa tu? Ukingo tu?"

"Kwa digrii moja."

"Na zikiwa mbili?"

"Unarudia kukata."

Bonny aliitazama chapati yake. Kisha akaanza kuung'oa ukingo kwa uangalifu mkubwa, utepe mwembamba kuzunguka duara lote, mpaka ukatoka mzima kama uzi. Akauinua juu, akauangalia ukining'inia.

"Huu naula kwanza," alisema, akautia mdomoni.